Uzinduzi wa Kibanda cha Wavutaji, Nyuma ya Baa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni Katibu wa Kamati Ndogo ya Viti na Vipaza Sauti. Mama Mwenye Baa, mwenyeji wetu, uliyetuazima ukumbi huu kwa moyo mkunjufu na ukatukumbusha kwa moyo huohuo kwamba jioni wateja wanaingia, hotuba iwe imekwisha au haijakwisha. Ndugu wawakilishi wa Chama cha Wenye Baa na Migahawa. Ndugu wawakilishi wa Wavutaji, mliochagua kuketi karibu na mlango wa nyuma kwa sababu zinazofahamika. Wahudumu, wapishi na waosha glasi, mliochagua kuketi karibu na madirisha kwa sababu zinazofahamika pia. Mzee wetu, fundi cherehani mstaafu, ambaye kila mtu hapa anamwita Mzee Dohani na mwenyewe haoni ubaya, mteja wa kona ile tangu dari hii ilipokuwa nyeupe. Kiti cha Mgeni Rasmi, chenye mto na kitambaa cheupe, ambacho nakisalimu kama kilivyo, kitupu. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Kama kuna niliyemsahau, namwomba na yeye anisahau.

(Makofi machache. Kikohozi, upande wa madirisha.)

Nasimama mbele yenu kwa niaba ya Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Hewa Safi katika Sehemu za Vyakula na Vinywaji, ambaye alitamani mno kuwa nasi lakini leo asubuhi amepata udhuru. Msaidizi wake, aliposikia habari za udhuru huo, akapata wa kwake. Afisa Mwandamizi aliupata akiwa mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Udhuru ukashuka ngazi, ofisi hadi ofisi, mpaka ukafika chini kabisa, kwenye meza iliyo jirani na choo, ambako nakaa mimi, karani mdogo, na chini yangu hapakuwa na mtu wa kumpasia. Kwa hiyo mnayemwona hapa ni Kaimu wa Kaimu wa Kaimu Mkurugenzi. Cheo hiki kimenijia ghafla, na koti hili pia. La kwangu ni lile lililobaki ofisini, hili ni la dereva.

(Kicheko. Mtu wa nyuma anasema linamkaa vizuri, ila dereva ni mpana.)

Niseme jambo moja kabla sijaanza. Hotuba hii niliiandika mimi, ili aisome yeye. Mtakaponisikia nikijisifu, mjue nilikuwa namsifu bosi, na sasa sifa hizo zimenirudia mwenyewe kama mate ya mtu aliyetema huku akitazama juu. Naomba mnivumilie. Na kwa heshima ya shughuli, visahani vya majivu vimeondolewa mezani. Anayetaka kuvuta anaombwa atoke uani kidogo, kisha arudi.

Naanza.

Ndugu wananchi, mimi, nikiwa mtaalamu mbobezi na kiongozi mwenye maono ambayo nchi jirani zimeyaonea wivu, nimeiongoza idara hii kutoka kwenye mazoea ya kizamani na kuiingiza katika mfumo wa kisasa wa usimamizi shirikishi wa moshi, mfumo unaojali matokeo, unaozingatia vigezo, unaotekelezwa kwa mujibu wa mpango mkakati, mpango kazi, na mpango wa kupanga mipango hiyo miwili. Utafiti wa kina uliofanywa na idara yangu umethibitisha, pasipo shaka, kwamba wavutaji wengi wanapenda kuvuta, na kwamba asilimia mia moja ya wasiovuta hawavuti. Kabla ya mimi kushika wadhifa huu, takwimu hizi hazikuwepo.

Hapa nimeandika: makofi ya muda mrefu, watu wamesimama.

(Hakuna anayesimama.)

Labda niwaeleze. Ofisini kwetu taarifa ya mkutano huandikwa kabla ya mkutano, ili mkutano usije ukaipinga taarifa. Ya leo iko tayari, imeshapigwa muhuri, na inasema kwamba mlisimama mkapiga makofi. Haisemi ni wakati gani. Silazimishi mtu. Naomba tu, kabla hatujaachana, mnisaidie niwe mkweli.

(Watu wanatazamana. Makofi, wamekaa. Mzee Dohani anatoka kwa mlango wa nyuma, akiomba radhi kwa kuinua mkono wenye kiberiti.)

Nenda tu mzee. Ila usi... Nenda tu.

Ninyi nyote mnajua tulikotoka, lakini hotuba bila historia ni nusu hotuba. Halmashauri ilipopitisha katazo la kuvuta sigara ndani ya baa na migahawa, mji huu uligawanyika kama chapati. Mama Mwenye Baa alikuja ofisini kwetu akagonga meza yangu, kwa kuwa ndiyo ya kwanza ukitokea chooni, akasema wateja wake watakimbilia majumbani na kunywa vitandani. Mzee Dohani alisema bia bila sigara ni kama salamu bila mkono, inasikika lakini haikamatiki. Wahudumu nao wakasema kwamba mvutaji anavuta sigara yake moja na kwenda zake, wao wanavuta za meza zote, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanapenda aina gani. Wakasemana sana. Kuna waliokuwa wakisalimiana asubuhi wakaacha.

Idara yangu, kwa busara ambayo itasomwa vyuoni, ikaleta suluhu. Uani hapa nyuma, kati ya tangi la maji na kreti za chupa tupu, pajengwe Kibanda cha Kisasa cha Wavutaji. Na katika makubaliano yaliyotiwa saini na pande zote kikaingizwa kifungu kisemacho kwamba katazo litaanza kutumika siku kibanda kitakapozinduliwa na pande zote zikakiridhia, na kwamba mpaka siku hiyo watu waendelee kuvuta humu ndani kama kawaida. Kifungu hicho nilikitunga mimi mwenyewe, karani. Nilikisoma mara kadhaa nikitabasamu, jinsi kilivyokaa. Sikujua nimefunga mlango na kuumeza ufunguo.

(Kikohozi, upande wa madirisha. Kirefu kidogo.)

Niseme tu ukweli, maana anayekohoa pale mnamfahamu nyote. Ni dada yangu mkubwa. Amebeba sinia katika ukumbi huu tangu mimi nikiwa darasa la kwanza. Sare yangu ya shule aliipiga pasi mwenyewe akitoka kazini, na ilinuka sigara kiasi kwamba mwalimu wa zamu alinichapa kwa kosa la kuvuta, nami nikiwa bado nanyonya kidole. Ada yangu imetoka kwenye moshi huu. Ndugu zangu, hata cheti changu cha chuo ukikinusa vizuri hakina tofauti na pazia la Mama Mwenye Baa. Daktari amemwambia dada kifua chake hakitaki dawa nyingine zaidi ya kutoka katika moshi. Uzinduzi umeahirishwa mara tatu, na kila ukiahirishwa yeye anazidi kukohoa. Leo asubuhi, akinifunga tai, aliniambia hivi: “Mdogo wangu, mkiahirisha tena, mimi naacha kazi. Na nikiacha, mama yetu kule nyumbani atakula hotuba zako?”

(Mtu anasogeza kiti.)

Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Narudi kwenye karatasi.

Ndugu wananchi, nikiwa nimeguswa na kilio cha wadau, mimi, Mkurugenzi, niliagiza mchakato uanze mara moja, na ukaanza. Ulianza na upembuzi yakinifu. Ukafuata upembuzi wa ule upembuzi. Ujumbe mzito ukafanya ziara ya mafunzo katika miji yenye vibanda vya namna hii, ukarejea na picha nzuri sana za wajumbe wakiwa wamesimama mbele ya vibanda, kiasi kwamba vibanda havionekani. Kwa uzoefu wetu kinachochelewesha miradi mingi ni jiwe la uzinduzi, kwa sababu fundi wa kuchonga herufi ni mmoja tu na ana foleni. Kwa hiyo, kwa kutumia mbinu ya kisasa ya kuanzia mwishoni, idara ilianza na jiwe. Jiwe lilipokamilika likahitaji pazia. Pazia likahitaji kamati ya rangi. Leo hii ninajivunia kuwatangazia kwamba jiwe lipo, limebandikwa ukutani pale karibu na mlango wa nyuma, na pazia lake lipo; wenye macho makali watatambua kwamba ni la dirisha la ofisi yetu, na ndiyo maana wiki hii tunafanya kazi huku jua likitupiga usoni.

(Makofi kwa pazia. Wavutaji wawili wanatoka. Mmoja wa wapishi anawafuata.)

Kibanda chenyewe, mabibi na mabwana, ni cha viwango vya kimataifa. Kina kuta imara zisizopitisha moshi. Kina feni ya kunyonya hewa chafu na nyingine ya kuleta hewa safi, na mtaalamu wa kuhakikisha hazipigani. Kina viti, kina taa, kina mahali pa kuwekea bia wakati mkono mwingine unatafuta kiberiti. Paa lake...

(Mzee Dohani anarudi. Anabaki amesimama, anaomba kusema neno.)

Mzee, maswali ni mwishoni. Haya, sema, siwezi kumkatalia mtu wa umri wako, nami nina koti la watu.

Anasema: “Mwanangu, nimetoka kukikagua. Ni kikubwa. Nimeangalia huku, nimeangalia huku, sijauona mwisho wake.”

(Kicheko kikubwa. Wale wawili wanarudi pamoja na mpishi. Mmoja anasema paa lake ni refu na lina rangi nzuri ya buluu. Mpishi anasema hewa ya humo ni ya kutosha, mpaka imemzimia kiberiti. Wengine wanne wanatoka kwenda kutazama.)

Naomba utulivu. Naomba utulivu, ndugu zangu, maana nikipoteza mahali nilipofikia sitapaona tena. Nilikuwa kwenye paa. Kina... Kimezingatia mazingira. Kimejumuisha makundi yote. Kimekuwa mfano wa kuigwa. Hapa nimeandika vigelegele, lakini naona kicheko kinatosha.

(Mama Mwenye Baa anasimama nyuma ya kaunta. Kicheko kinakatika.)

Mama ameuliza swali, nami nitalirudia kwenye kipaza sauti ili asiseme mtu kwamba hakulisikia. Ameuliza: “Kijana, mimi nina baa ya kufungua. Kipo au hakipo?”

Ndugu wananchi, ukurasa wa mwisho wa hotuba hii una jibu. Umeandikwa vizuri. Unasema kwamba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, na kwa nia njema ya kuboresha huduma, uzinduzi unaahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Yaani tuliwaita kwenye uzinduzi ili tuwatangazie kwamba hakuna uzinduzi. Ofisini tunaiita hatua ya awali. Mheshimiwa Mkurugenzi alinipigia simu leo akaniagiza mambo matatu: nisome mpaka mwisho, nisijibu swali, na nisiseme “hapana” mahali popote penye watu. Mimi ni mtu mwoga. Mnaniona. Nikimsalimu mlinzi wa getini kwetu namwita mheshimiwa. Nikiandika barua ya kuomba likizo naanza na shukrani za kunyimwa. Nimeukunja ukurasa huo mara nyingi mpaka umekuwa kama tiketi, na bado sijajua kama nausoma au naumeza.

(Kikohozi. Kinaanza, kinazuiwa kwa leso, kinashinda leso.)

Hapana, Mama. Hakipo.

Hakipo na hakijawahi kuwepo. Hakuna hata mtu aliyetumwa kuja kupima ua kwa kamba. Kilichopo ni jiwe lake. Kama kesho mtasikia kwamba idara ina nafasi ya karani, mjue ni ya meza ile iliyo jirani na choo, na mwenye mtoto aliyesoma asisite kuomba.

(Mmoja wa wawakilishi wa Chama anaanza kukusanya funguo zake mezani. Anasema basi mambo yabaki kama yalivyo, visahani virudi.)

Bado sijamaliza, ndugu mwakilishi. Tafadhali keti. Nakuomba kwa magoti yote mawili.

Tangu nishike kipaza sauti hiki mlango wa nyuma haujatulia. Wametoka, wamevuta, wamerudi. Mzee Dohani ametoka akarudi. Wale wawili wametoka wakarudi. Mpishi, ambaye sikujua kama anavuta, ametoka akarudi, na dada yangu atakuwa na maneno naye baadaye. Hao wanne ndio hao wanaingia sasa hivi. Hakuna aliyeugua kwa kutoka, hakuna aliyekimbilia nyumbani kunywa kitandani, na humu ndani, Mama, tazama, nawaona watu wa safu ya mwisho kwa sura zao. Mimi nimekulia katika ukumbi huu, na sijawahi kuiona safu ya mwisho.

(Watu wa safu ya mwisho wanageuka kutazamana, kama waliotambulishwa.)

Mama, wewe uliogopa kitu kimoja tu, kwamba mteja akitolewa nje hatarudi. Haya. Hawa wametoka wakiwa hawana bia mezani. Wameacha nini humu ndani? Wameacha hotuba. Hotuba yangu mimi, yenye upembuzi wa upembuzi. Na wamerudi, wote, kwa miguu yao, wakaja kuisikiliza iliyobaki. Mtu anayerudi kwenye hotuba ya karani, akiacha bia yake mezani atarudi mbio.

(Kicheko kinaanzia kwa waosha glasi. Mama Mwenye Baa hacheki. Anaangalia mlango wa nyuma, anaangalia safu ya mwisho, anamwangalia dada pale dirishani.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyokabidhiwa na udhuru wa watu watatu, nauliza kama kifungu kinavyotaka. Wenye baa, mnauridhia ua wa nyuma, kama ulivyo, bila kuta, na paa lake la buluu?

Mama amejibu, naomba nimnukuu vizuri: “Mvua ikinyesha nitatundika turubai langu mwenyewe, nisisubiri jiwe lenu. Na visahani vikae hukohuko nje. Nimechoka kuviosha.”

(Makofi. Vigelegele viwili, kutoka jikoni, ambavyo havikuandikwa.)

Wavutaji, mnaridhia? Mzee wetu hayumo. Katoka tena. Mzee Dohani, unanisikia huko uani?

(Sauti ya Mzee Dohani, kupitia dirishani, na moshi kidogo unaoishia palepale nje.)

Anasema: “Sipingi, mwanangu. Miguu tu ndiyo inayopinga. Niwekeeni kiti.”

(Dada wa karani anainuka. Anapita viti vyote vya plastiki, anafika mbele, anakitazama Kiti cha Mgeni Rasmi. Anatoa kitambaa cheupe, anakikunja, anakiweka mezani. Anakiinua kiti na mto wake.)

Dada, hicho ni cha Mkur...

Kibebe. Kibebe, dada. Mwenyewe ana udhuru.

Ndugu wananchi, sasa namalizia, na hii si namna ya kusema tu. Kwa desturi ya shughuli zetu hatuwezi kuachana bila kaulimbiu. Nikisema “Moshi”, ninyi mtasema “Nje”. Nikisema “Watu”, mtasema “Ndani”.

Moshi. (Nje.) Watu. (Ndani.) Moshi. (Nje.) Watu. (Ndani.) Mkurugenzi.

(Kutoka jikoni: Udhuruni.)

Hilo sikuliuliza rasmi, na sitalijibu.

Natoa shukrani za dhati kwa wafadhili, ambao hawakupatikana. Kwa mkandarasi, ambaye hakutafutwa. Kwa mafundi, ambao hawakuitwa. Kwa mtaalamu wa feni mbili, ambazo kwa kutokuwepo hazikupigana. Na kwa ninyi nyote, mliofika kwa wingi kushuhudia kibanda ambacho hakikuwahi kujengwa, mkakitumia, mkakisifia paa lake, na mkakizindua bila kukata utepe. Jiwe litabaki ukutani. Lina maandishi mazuri, na Mama ameniambia msumari wake unafaa kutundikia funguo za stoo.

(Dada anaelekea mlango wa nyuma na kiti. Ni kipana, njia kati ya viti ni nyembamba. Safu ya kwanza inasimama kumpisha. Ya pili inasimama. Ya tatu, ya nne, mpaka ile ya mwisho, ambayo sasa inaonekana. Mtu mmoja anaanza kupiga makofi, kisha wote.)

Asanteni. Mmesimama, na mnapiga makofi. Taarifa yetu ya leo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, ni ya kweli.